Mwalimu, 1.02 yangu imepotelea wapi?

Mwezi huu barua tano zimenijia juu ya jambo moja, nami nimefurahi, maana katika yote niliyofundisha hakuna ninalolipenda kama hili: hesabu ya nishati ya mfungamano wa kiini cha atomi, yaani nishati unayopaswa kulipa ili kuzitenganisha protoni na nyutroni zake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Kosa lililomo nimelikuta kwenye madaftari kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila mara aliyelifanya alikuwa mwanafunzi makini.

Shikamoo Mwalimu. Nimekokotoa nishati ya mfungamano wa heliamu-4 mara sita. Nachukua protoni mbili za 1.007276 na nyutroni mbili za 1.008665, najumlisha, natoa tungamo ya heliamu iliyo kwenye jedwali, 4.002603, kisha nazidisha kwa 931.494, ambayo hugeuza kizio cha tungamo ya atomi kuwa MeV, yaani elektronivolti milioni. Napata MeV 27.27. Kitabu kinasema 28.30. Nimeazima hata kikokotoo cha mwenzangu, jibu halibadiliki. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Nimeipitia hesabu yako mstari kwa mstari. Umejumlisha sawa, umetoa sawa, umezidisha sawa. Hata ukirudia mara sitini utapata 27.27, kwa sababu tatizo lilikuwapo kabla hujagusa kikokotoo.

Anza na hilo pengo lenyewe. Usilichukie, lina habari. Kwa tarakimu kamili zaidi, 28.296 ukitoa 27.273 unabaki na kama 1.02. Sasa kumbuka elektroni moja, ikigeuzwa kuwa nishati, ni MeV 0.511. Mbili ni 1.022. Pengo lako ni elektroni mbili.

Zimetoka wapi? Zimo ndani ya ile 4.002603. Jedwali la tungamo huorodhesha atomi, haliorodheshi viini vitupu. Heliamu ya kwenye jedwali ni kiini pamoja na elektroni zake mbili zinazokizunguka. Upande wa pili wa hesabu wewe umeweka protoni na nyutroni tupu, bila elektroni hata moja. Umepima mtu aliyevaa na mtu asiyevaa, ukasema tofauti yao ni ya miili.

Dawa yake ni rahisi. Badala ya protoni tupu, tumia atomi ya haidrojeni, ambayo ni protoni moja na elektroni yake. Tungamo yake ni 1.007825. Hesabu inakuwa hivi:

2 × 1.007825 = 2.015650
2 × 1.008665 = 2.017330
Jumla: 4.032980
Toa heliamu: 4.032980 − 4.002603 = 0.030377
Zidisha: 0.030377 × 931.494 = MeV 28.296

Ukigawa kwa chembe nne za kiini unapata 7.07 kwa kila chembe. Elektroni mbili ziko juu na mbili ziko chini, zimefutana zenyewe bila wewe kuzigusa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: lakini elektroni nazo zimefungwa kwenye atomi kwa nishati fulani, mbona tunaiacha? Kweli zimefungwa. Kuziondoa elektroni zote mbili za heliamu kunahitaji elektronivolti 79. Iweke 79 hiyo karibu na 28,296,000 uone kama inaweza kubadilisha tarakimu yoyote uliyoiandika.

Ukipenda kutumia protoni tupu, hukatazwi, ila sharti na heliamu iwe tupu: tungamo ya kiini chake ni 4.001506. Hapo utapata 28.295, na tofauti ya mwisho inatokana tu na kukata desimali. Nalisema hili nikiwa na kumbukumbu isiyonifurahisha. Nilipoanza kufundisha, nilimpiga mwanafunzi mmoja alama ya kosa kwa wino mwekundu kwa kuandika 4.001506, kwa kuwa haikuwa kwenye jedwali langu. Alikuwa ametoa elektroni mwenyewe kabla ya kuanza, jambo ambalo mimi sikuwa nimewafundisha. Niliposoma tena kazi yake jioni nilielewa, na kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo sisahihishi namba kabla ya kujua mwenye namba alikuwa anahesabu nini.

Kwenye heliamu kosa hili ni dogo kiasi kwamba wengi hulisamehe. Kwenye chuma-56 linakula elektroni 26, yaani MeV 13.3. Kwenye uraniamu linakula 92, yaani 47. Ndiyo maana nakusihi ulirekebishe sasa.

Na jingine, ingawa hukuliuliza: usikate desimali mapema. Upungufu wa tungamo ni tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa zinazokaribiana, na ukizifupisha kabla ya kutoa, unachotupa ndicho hasa unachokitafuta. Chukua deuteriamu (haidrojeni yenye protoni moja na nyutroni moja) kwa desimali tatu: 1.008 na 1.009, toa 2.014, unabaki na 0.003, ambayo ni MeV 2.79. Jibu la kweli ni 2.22. Umepotoka kwa zaidi ya robo, na kila namba uliyoiandika ilionekana ya heshima. Beba desimali sita mpaka mwisho.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi si mwanafunzi, ni mzazi ninayekaa na binti yangu akisoma usiku. Kitabu chake kinasema chuma kina nishati kubwa ya mfungamano kwa kila chembe, tena ni miongoni mwa viini imara kuliko vyote. Kama nishati ni nyingi hivyo, mbona hatuichukui? Na mbona tunaipata kwenye uraniamu, ambayo inayo kidogo?

Nzuri, ndugu yangu, na mpe binti hongera kwa kuwa na mzazi wa namna hii. Umeshika mahali ambapo jina lenyewe linapotosha. Tukisema kiini "kina" nishati ya mfungamano, masikio yanasikia kitu kilichohifadhiwa ndani, kama mafuta kwenye taa. Ukweli ni kinyume. Hiyo ni nishati ambayo kiini hakina. Ilishatoka siku chembe zake zilipokutana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule mdogo kuliko yote. Nyutroni ikiikaribia protoni taratibu, nguvu ya kiini huzivuta zikashikana, na papo hapo mwale mmoja wa gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa, huruka kwenda zake. Ukiupima mwale huo una MeV 2.22. Kilichobaki ni kiini cha deuteriamu. Sasa nenda kwenye jedwali: haidrojeni 1.007825 na nyutroni 1.008665 ni 2.016490, deuteriamu ni 2.014102. Imepungua 0.002388. Zidisha kwa 931.494, unapata 2.22. Tungamo iliyopungua na mwale ulioondoka ni hesabu moja.

Ukitaka kuzitenganisha tena, lazima ulipe kile kile kilichoondoka. Mwaka 1934 James Chadwick, aliyekuwa amegundua nyutroni miaka miwili tu nyuma, pamoja na Maurice Goldhaber, waliipiga deuteriamu kwa mionzi ya gama ya MeV 2.62, nayo ikavunjika. Mionzi ya chini ya 2.22 haiwezi kuivunja.

Kwa hiyo fikiria ndoo iliyo chini ya kisima. Kadiri ilivyozama, ndivyo kazi ya kuivuta juu ilivyo kubwa. Chuma kiko karibu na kina cha mwisho kabisa, chembe zake zimezama kwa wastani wa MeV 8.79 kila moja. Hakitoi kitu kwa sababu hakina pa kuzama tena. Uraniamu-235 iko juu kidogo, chembe zake zimezama kwa 7.59. Ikipasuka, vipande vyake vinatua kwenye kina cha kama 8.5, na ile tofauti ya 0.9, kwa chembe zaidi ya mia mbili, ndiyo inayotoka: karibu MeV 200 kwa kiini kimoja.

Hesabu hiyo ilifanywa mara ya kwanza msituni, kwenye theluji. Desemba 1938 mwanafizikia Lise Meitner alikuwa Uswidi, akitembea na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, wakijadili barua ya mwanakemia Otto Hahn iliyosema kwamba uraniamu iliyopigwa kwa nyutroni ilikuwa imetoa bariamu, elementi nyepesi zaidi, kana kwamba kiini kimepasuka vipande viwili. Walikaa juu ya gogo wakaanza kukokotoa kwenye vipande vya karatasi. Meitner alikumbuka jinsi ya kukadiria tungamo za viini, akaona vipande viwili vingekuwa vyepesi kuliko uraniamu kwa kiasi cha moja ya tano ya protoni. Moja ya tano ya protoni ni kama MeV 200. Walikuwa wamekwisha kukadiria kwa njia nyingine nishati ya vipande hivyo kusukumana kwa umeme, nayo ilitoa MeV 200. Njia mbili, jibu moja. Nimewasimulia wanafunzi hadithi hii mara nyingi na bado inanisisimua, kwa sababu mbele yao hawakuwa na chombo chochote, walikuwa na penseli.

Tahadhari moja kwa binti. Asiseme kwamba chembe fulani "zimegeuka" nishati. Mpe ahesabu: uraniamu-235 na nyutroni moja ni chembe 236. Zikitoka bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni tatu, jumla ni 236. Hakuna iliyopotea. Ni zile zile, zimepangika vizuri zaidi, na kwa kupangika hivyo tungamo yao ya pamoja imepungua.

Mwalimu, umewahi kuandika kwamba heliamu ni MeV 28.3. Lakini kwenye Jua haidrojeni nne huungana kuwa heliamu na vitabu vinasema inatoka 26.7. Ipi ni sahihi?

Zote mbili, kwa sababu hazianzii mahali pamoja. Hesabu ya 28.3 huanza na protoni mbili na nyutroni mbili. Jua halina ghala la nyutroni, linaanza na protoni nne, na mbili kati ya hizo lazima zigeuke kuwa nyutroni. Nyutroni ni nzito zaidi, hivyo mgeuko huo una gharama. Tofauti ya nyutroni na atomi ya haidrojeni ni 0.000840; mara mbili ni 0.001680, ambayo ni MeV 1.565. Toa 1.565 kwenye 28.296, unabaki na 26.731.

Au nenda moja kwa moja: 4 × 1.007825 = 4.031300, toa 4.002603, unapata 0.028697, yaani MeV 26.73. Ni asilimia 0.7 ya tungamo uliyoanza nayo. Sehemu ndogo huchukuliwa na nyutrino, chembe nyepesi mno zinazotoroka, inayobaki hulipasha Jua moto.

Asilimia hiyo ndiyo iliyomfungua macho mwanafalaki Arthur Eddington. Francis Aston alikuwa amejenga spektrografu yake ya tungamo, chombo cha kupima tungamo za atomi, Cambridge mwaka 1919, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba heliamu ni nyepesi kuliko haidrojeni nne. Agosti 1920, akihutubia wanasayansi mjini Cardiff, Eddington alisema hapo ndipo nyota zinaweza kuwa zinapata nishati yake. Nyutroni ilikuwa haijajulikana, wala haikujulikana protoni nne zingekutanaje. Alikuwa na upungufu wa tungamo peke yake, na ulimtosha.

Mwalimu, kiini kinachoongoza kwa uimara ni cha chuma au cha nikeli? Kila kitabu kina jibu lake.

Kwa nishati ya mfungamano kwa kila chembe, nikeli-62 inaongoza kwa 8.795. Inafuata chuma-58 kwa 8.792, kisha chuma-56 kwa 8.790. Chuma-56 kinaongoza kwenye shindano jingine: kina tungamo ndogo kuliko vyote kwa kila chembe, 0.998838, nikeli-62 ikiwa na 0.998844. Sababu ni kwamba protoni ni nyepesi kuliko nyutroni, na chuma-56 kina sehemu kubwa zaidi ya protoni. Kwenye mtihani soma swali limeuliza lipi.

Shikamoo. Je, inawezekana kukokotoa nishati ya mfungamano bila jedwali la tungamo kabisa? Nikijua tu idadi ya protoni na nyutroni?

Marahaba. Inawezekana, na nimeiweka barua yako mwisho ili nipate nafasi.

Mwaka 1935 Carl Friedrich von Weizsäcker alitoa kanuni inayokichukulia kiini kama tone la kimiminika. Ina sehemu tano, na kila moja ina sababu unayoweza kuieleza kwa mtu asiyejua hesabu. Kila chembe hushikana na jirani zake wa karibu tu, kwa hiyo mfungamano unakua sambamba na idadi ya chembe, tuiite A. Lakini zilizo juu ya uso wa tone zina majirani pungufu, hivyo tunatoa kiasi kinachokua kama eneo la uso. Protoni zinasukumana kwa umeme, tunatoa tena. Protoni na nyutroni zikiachana mno kwa idadi kuna adhabu. Na chembe hupenda kukaa mbili mbili: protoni zikiwa shufwa na nyutroni shufwa tunaongeza kidogo, zote zikiwa witiri tunatoa kiasi hicho hicho, A ikiwa witiri hatugusi.

Tukijaribu kwa chuma-56, yaani protoni 26 na nyutroni 30, tutahitaji mzizi wa tatu wa 56, ambao ni 3.826, na mraba wake, 14.637.

Ujazo: 15.75 × 56 = 882.0
Uso: 17.8 × 14.637 = 260.5, tunatoa
Umeme: 0.711 × 26 × 26 ÷ 3.826 = 125.6, tunatoa
Tofauti ya idadi: 23.7 × 4 × 4 ÷ 56 = 6.8, tunatoa
Jozi: 11.18 ÷ mzizi wa pili wa 56 = 1.5, tunaongeza

Jibu ni MeV 490.6. Kwa jedwali, ukifuata njia niliyomwonyesha mwenzako wa barua ya kwanza, unapata 492.3. Tumekosa kwa chini ya nusu asilimia bila kupima tungamo ya chuma. Zile namba tano, 15.75 na wenzake, hazikutoka mbinguni. Zilipatikana kwa kuilinganisha kanuni na tungamo za viini vingi vilivyopimwa, nawe utakuta vitabu vikitofautiana kidogo. Usichanganye namba za kitabu hiki na za kile, seti moja hutembea pamoja.

Uraniamu-235 inakuja vizuri zaidi: kanuni inatoa 1785.9, jedwali 1783.9. Nilipofanya hesabu hiyo kwa mkono mara ya kwanza niliacha kalamu nikatembea kidogo chumbani. Chembe 235 zinazosukumana na kuvutana, na ukizifikiria kama tone tu unakaribia ukweli kiasi hicho.

Kisha jaribu heliamu-4. Ujazo 63.0, toa uso 44.9, toa umeme 1.8, hakuna tofauti ya idadi, ongeza jozi 5.6. Unapata kama 22. Jibu la kweli, tulishaliona, ni 28.3. Kanuni imeanguka vibaya, na imeanguka kwa haki: tone la chembe nne halina ndani, lote ni uso. Zaidi ya hapo, protoni mbili na nyutroni mbili hujaza kabisa ngazi ya kwanza ya kiini, kama elektroni mbili zinavyolijaza ganda la kwanza la atomi, na kanuni ya tone haijui habari za ngazi. Hiyo MeV sita inayokosekana ndiyo mlango wa kuingilia kwenye somo la maganda ya kiini, yaani hizo ngazi zake. Ukiwa na hamu, fanya hesabu hizi mbili kwa oksijeni-16 na kwa kalisiamu-40, moja kwa tone na moja kwa jedwali, uniletee tofauti zake. Tutaanzia hapo toleo lijalo.